"Nioe": Ombi au Amri?

Wapo walimu wenzetu waonao kwamba sinema za mapenzi na vichekesho hazina nafasi katika darasa la Kiswahili. Wapo na wengine wazionyeshao siku za mwisho wa muhula ili wanafunzi wacheke na saa ipite. Sisi twapingana na wote wawili. Wa kwanza watupa chombo chema cha kufundishia. Wa pili wakitumia pasipo kukifunua kifuniko.

Tutwae mfano wa The Proposal, filamu ya Marekani ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Anne Fletcher. Margaret Tate, anayeigizwa na Sandra Bullock, ni raia wa Kanada na mhariri mkuu wa kampuni ya vitabu jijini New York. Andrew Paxton, yaani Ryan Reynolds, ni msaidizi wake wa miaka mitatu: humletea kahawa, hupokea simu zake, humwogopa. Margaret anyimwa viza kwa kuwa alisafiri nje ya nchi ombi lake likiwa halijajibiwa. Ili asifukuzwe Marekani, awatangazia wakubwa wake kwamba yeye na Andrew ni wachumba. Andrew hakuulizwa. Ajaribupo kukataa, aelezwa kwamba Margaret akiondoka, ndoto yake ya kuwa mhariri nayo itaondoka.

Hapa ndipo sarufi yetu inapokuwa na la kusema. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Hivyo tukiitafsiri filamu hii, Margaret hana budi kusema "nioe". Kwa sarufi, Andrew ndiye mtenda. Kwa mamlaka, Andrew ni mtendwa. Tena umbo hilo la kitenzi ni moja kwa ombi na kwa amri. Kinachovitenga ni jambo lisiloonekana katika neno: je, asikiaye aweza kujibu "sitaki", na kesho yake akaikuta kazi yake ilipokuwa? Mfasiri ampaye Margaret sauti ya mpenzi tangu mwanzo amewadanganya watazamaji.

Andrew naye, apatapo mwanya, aweka masharti. Apandishwe cheo, kitabu alichokipendekeza kichapishwe, na Margaret apige magoti kando ya barabara amwombe kwa maneno mazuri. Kwao, apigaye magoti wakati wa kuposa ni mwanamume, na ndiyo sababu watu hucheka. Lakini huku Buganda, ambako kwa desturi mwanamke hupiga magoti anaposalimu, mwanafunzi aweza kuliona hilo kuwa ni adabu ya kawaida. Mwalimu asipoeleza, nani atatambua kwamba aliyepiga magoti pale ni bosi, mbele ya msaidizi wake?

Tutajibiwa kwamba huo ni mchezo tu, na mwishowe wawili hao wanapendana. Basi na tuutazame huo mwisho. Huko Sitka, Alaska, siku ya harusi, Margaret akiri mbele ya wageni wote kwamba alimshurutisha kijana wa watu, kisha aondoka. Andrew amfuata New York na kumposa mbele ya wafanyakazi, Margaret akiwa anafungasha vitu vyake. Wakati huo hana tena uwezo wa kumpa wala kumnyima kazi. Filamu yenyewe, basi, yakubali kwamba cheo kilipaswa kutoka kwanza ndipo "ndiyo" ipate maana. Sasa ndipo "nioe" yaweza kuwa "tuoane".

Na lau bosi angekuwa mwanamume, na msaidizi binti wa miaka ishirini, je, tungecheka? Mabinti tunaowafundisha wataajiriwa kesho madukani, hotelini na maofisini. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Wengi watabusu mkono wa mwajiri, na mwajiri atadhani amependwa.

Jambo hili latuhusu zaidi sisi tufundishao Uganda. Wazee wetu wengi walikisikia Kiswahili vinywani mwa askari, vizuizini na kambini. Kwao kilikuwa lugha ya amri. Tukitaka watoto wakipende, tuwafundishe pia Kiswahili cha kusihi, cha kukubali, na hasa cha kukataa kwa heshima pasipo hofu.

Twapendekeza zoezi hili. Wanafunzi waandike kwa Kiswahili mazungumzo ya ofisini kati ya Margaret na Andrew, kisha waamue ni lini Andrew aseme "bosi", lini aseme "Bi Tate", na ni lini tu apate kuthubutu kusema "Margaret". Kila mmoja aitetee hoja yake mbele ya wenzake. Walimu wenye rai iliyo kinyume na yetu nao waandike, tutawasoma.