Bosi, masikio ya DJ hayalipwi kwa pole. Toa fidia!

Kuna bosi mmoja wa burudani pande za Korogwe, jina kapuni, anajulikana kwa muziki mnene. Harusi, kigodoro, disko la Idi, mpaka vijijini Handeni huko, spika zake ndo zinatikisa mabati. Wiki hii kajaa mitandaoni akimkabidhi aliyekuwa DJ wake, kijana wa Kwamsisi, bahasha ya laki moja huku kamera zinammulika. Dogo kapiga kazi miaka sita pembeni ya spika hizo. Sasa sikio la kushoto limekufa, la kulia linapiga filimbi usiku kucha. Na watu wanashangilia eti "bosi una roho ya kipekee, Mungu akuzidishie".

Akuzidishie nini? Ile ni kiki, tena kiki ya bei chee.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo toka 2008, na mfuko wake, WCF, umeanza kazi Julai 2015. Kila mwajiri Tanzania Bara anatakiwa ajisajili na achangie, awe na kiwanda au awe na mabufa manne na Fuso. Mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara, unatoka kwa bosi mwenyewe, mfanyakazi hakatwi hata senti. DJ wa laki mbili kwa mwezi, hiyo ni buku. Buku! Mtu anayerusha chupa za laki mbili kwenye status, buku ya dogo imemshinda miaka sita.

Watetezi wake wanasema "si alijua muziki una kelele?" na "huo si ni ujana tu, siyo kazi ya kiwandani". Haya. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 85 mwisho saa 8 kwa siku. Kila zikipanda 3, muda unakatwa nusu, kwa hiyo zikifika 100 unabaki na dakika 15. Muziki wa klabu unavuka 100 kirahisi, na DJ yupo pale toka saa tatu usiku mpaka majogoo. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa haviоti tena, hata uende India.

London, 2012, mpiga viola wa Royal Opera House aliumia masikio mazoezini kwa kukalishwa mbele ya tarumbeta. Mwajiri akajitetea kwamba sanaa ndo ilivyo, haiwezi kukosa kelele. Mahakama ikamkatalia 2018, na rufaa ya 2019 ikamgongea palepale. Na yule mpiga viola vizibo vya masikio alipewa! Huyu wa kwetu hata pamba hakutoa.

Eti hakukuwa na mkataba. Kukosa karatasi hakumfanyi mtu aliyefanya kazi miaka sita asiwe mfanyakazi. Meseji za shoo zipo, miamala ya simu ipo, picha akiwa kwenye mashine zimejaa kwenye ukurasa wa bosi mwenyewe.

Ndugu wa dogo wakae wakijua: bahasha haijafuta madai. Apimwe masikio, achukue cheti cha daktari, aende WCF. Madai yanatakiwa yafike ndani ya miezi 12, na bosi anaposubiri watu wapoe, anajua vizuri anachosubiri.