Eti samaki hana ujumbe!

Wadau, nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi. Sikuumwa wala sikusafiri. Nilikuwa na hasira, na nyumbani nilifundishwa kwamba mtu mwenye hasira asiandike barua. Leo hasira haijaisha, ila imepungua kiasi cha kuandikika.

Mkasa wenyewe ni huu. Nilimpelekea mhariri mmoja (jina lake tuliache) pendekezo la makala ya ukurasa wa sanaa. Nilitaka kuandika kuhusu wachoraji wanaovua samaki kwa nzi wa bandia, kisha wakirudi nyumbani wanawachora samaki hao kwa rangi za mafuta. Mfano niliompa ni Mmarekani Derek DeYoung, mvuvi aliyejijengea jina kwa kuchora trauti. Bwana huyu humsogelea samaki karibu mno: ubavu, jicho, madoadoa, na rangi zinazowaka mpaka unajiuliza kama kweli Mungu aliumba kitu cha namna hiyo. Mhariri akasoma mistari mitatu, akavua miwani, akauliza: "Ujumbe uko wapi?" Nikamwambia ni picha za samaki. Akasema: "Nimeona ni samaki. Wanatuambia nini?" Makala ikafia pale pale mezani.

Kama angekuwa peke yake ningenyamaza. Lakini hili la ujumbe tumelishwa tangu sekondari. Taja dhamira tano. Msanii ametoa funzo gani kwa jamii? Tukafika chuo kikuu tukaongezewa maneno mazito zaidi, ila swali likabaki lile lile. Sasa tuna kizazi cha wasomi ambao ukiwaonyesha mwembe watakuuliza unawakilisha nini. Mimi nasema hivi: swali hilo likiulizwa mapema mno ni uvivu wa macho.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu uvuvi wenyewe. Mvuvi wa kawaida wa ndoano hutia chambo, hufunga chubwi la kuzamisha, hutupa, husubiri. Wa nzi hana chambo cha kuliwa. Ndoano yake ameizungushia nyuzi, manyoya ya ndege na nywele za mnyama mpaka ikafanana na mdudu. Mdudu huyo hana uzito wa kurushika, kwa hiyo uzito umo ndani ya mshipi wenyewe, na mkono lazima ujue kuupeleka nyuma na mbele mpaka unyooke na kumtua nzi juu ya maji kama aliyeanguka mwenyewe. Ukikosea aina ya mdudu, trauti anakupuuza. Basi kabla ya kurusha chochote unasimama mtoni, maji magotini, unatazama. Leo wameibuka wadudu gani? Wanaelea, au bado wanapanda kutoka chini? Kivuli changu kinaangukia wapi? Trauti hukaa ameukabili mkondo, maana ndio unaomletea chakula, hivyo unamwendea kwa nyuma, taratibu.

Mtu aliyefanya hivyo miaka ishirini amesoma, hata kama hana cheti. Na siku hizi wengi wao humrudisha samaki majini, kwa hiyo wanakaa naye sekunde chache tu mkononi. Katika sekunde hizo inabidi uone kwamba trauti wa kahawia ana madoa mekundu yaliyozungukwa na duara hafifu, na kwamba trauti wa upinde wa mvua ana mstari wa waridi ubavuni. Akifa, rangi hizo hufifia. Anayechora samaki aliyelala juu ya barafu anachora maiti, hata kama hajui.

Na kwa nini rangi za mafuta? Msidhani ni ile ya kopo tunayopaka mageti. Ya wachoraji ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, mara nyingi ya mbegu za kitani. Hukauka polepole, siku kadhaa hata wiki, na ikikauka unaweza kupitisha juu yake tabaka jembamba linalopenyeza mwanga. Mwanga unaingia, unagonga rangi ya chini, unarudi kwako. Sasa mtazame samaki. Ule mng'ao wa fedha si rangi. Unatokana na fuwele nyembamba za guanini zilizomo katika ngozi, ambazo hurudisha mwanga kama vioo vidogo, na chembe zenye rangi zimepangwa nazo kwa matabaka. Yaani samaki mwenyewe ameumbwa karibu kama picha ya mafuta inavyotengenezwa. Hilo tu lilitosha makala, lakini wapi!

Haya, turudi kwenye ujumbe. Mnamjua Gustave Courbet? Huyu simleti kama mvuvi wa nzi, namleta kwa sababu alikuwa mwanasiasa kuliko sisi sote tunaopiga kelele. Mwaka 1871 alikuwa upande wa Komyuni ya Paris. Komyuni ilipovunjwa kwa damu, akahukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuhusishwa na kuangushwa kwa mnara wa Vendôme. Alipokuwa huru akarudi kwao Ornans, kando ya mto Loue. Alichora nini? Bendera? Ngumi iliyoinuliwa? Alichora trauti, tena kwa mafuta. Mmoja wa 1872 yuko Zürich, mwingine wa 1873 yuko Musée d'Orsay jijini Paris. Samaki mkubwa amelala juu ya mawe, mshipi unamtoka mdomoni, damu iko kwenye mashavu. Wengi wamemwona Courbet mwenyewe ndani ya samaki yule. Sawa. Lakini wanamwona kwa sababu yule kwanza ni samaki kweli kweli, mwenye uzito na utelezi na pumzi inayokatika. Angechora mnyororo tungesema "aha, mnyororo", tukaenda zetu.

Kama hamjaridhika, chukueni Winslow Homer, aliyezaliwa Boston mwaka 1836 na kufariki mwaka 1910. Wanahabari wenzangu, huyu ni wa ukoo wetu. Alilichorea jarida la Harper's Weekly, likampeleka kwenye medani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Baadaye akawa mvuvi sugu wa nzi, katika milima ya Adirondack kule New York na katika maji ya Quebec. Trauti anayeruka, mvuvi anayerusha mshipi: hizo za mwaka 1889 alizichora kwa rangi za maji. Lakini alipoingia kwenye mafuta, samaki hawakumwacha. Mwaka 1885 alichora mvuvi peke yake katika mtumbwi, samaki wakubwa aina ya halibut wamelala ndani yake, ukungu unakuja. Mwaka 1899 akachora The Gulf Stream: mtu mweusi juu ya mashua iliyovunjika mlingoti, papa wamemzunguka. Watu wakataka maelezo, mzee akawajibu kwa kejeli. Picha ile ipo Metropolitan, New York, tangu mwaka 1906, na hadi leo watu wanabishana juu ya utumwa, rangi na kifo mbele yake. Mkono uliochora papa wale ulikuwa umeshatazama maji na samaki kwa miaka mingi. Mnaona mpangilio ulivyo? Kutazama kwanza.

Najua mtakalosema: huo ni mchezo wa wazungu wenye fedha. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Hata hapa kwetu trauti si mwenyeji. Aliletwa Kenya mwaka 1905, akapandikizwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, ili walowezi wavue kama walivyozoea kwao. Ni kweli pia kwamba picha nyingi za trauti ni mapambo tu ya nyumba za mapumziko za matajiri, na mbovu zipo tele. Lakini picha mbovu ya samaki ni mbovu kwa sababu mchoraji hakutazama. Ramani ya Afrika inayolia machozi nayo inaweza kuwa mbovu kwa sababu hiyo hiyo, ila hiyo tunaipigia makofi kwa kuwa ina ujumbe.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, juu ya hadibodi, kwa rangi ile ile ya kopo, ya baiskeli. Nani alimuuliza dhamira? Leo pita kwenye maduka ya watalii, utakuta samaki aliyenakiliwa kutoka kwa samaki aliyenakiliwa, wakati soko la Feri liko pale pale na samaki wanashuka kila alfajiri.

Na kabla hamjasema nawanyooshea wengine kidole, nikiri la kwangu. Miezi michache iliyopita nilitumwa Feri kuandika habari ya bei kupanda. Nilifika na kichwa cha habari mfukoni: wananchi walia. Nikahoji watatu, wakalia kama nilivyotaka, nikaondoka. Juzi nimeisoma tena. Maneno mia sita, hakuna jina la samaki hata mmoja. Si changu, si kolekole, si nguru, wala pono yule wa kijani na bluu ambaye ukimtazama unaona rangi inamtoka. Mama mmoja muuzaji alinieleza kwa kirefu jinsi jicho la nguru linavyokuambia amekaa siku ngapi kwenye barafu na bei gani usikubali kuvuka. Bei yote ilikuwa ndani ya jicho lile. Sikuandika. Niliona hakuna ujumbe.

Jumamosi alfajiri nakwenda Feri tena, safari hii sikutumwa na mtu. Nitamtafuta yule mama. Na wewe mhariri, kama unapita hapa, makala ya trauti bado ninayo.