Daraja la Gitaa la Besi: Je, Kulibadilisha ni Kubadilisha Sauti?

Murang'a ni miongoni mwa sehemu za Kenya zilizowakuza wanamuziki wengi mashuhuri wa gitaa. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka wa 1939 na kuaga dunia mwaka wa 2018, na John De'Mathew wa Gatanga, aliyefariki katika ajali ya barabarani mwezi wa Agosti 2019, ni mifano miwili tu. Katika muziki wa Kikuyu wa gitaa, hasa benga, besi si kisindikizo cha kujazia pengo. Besi huulizana na kujibizana na gitaa la kuongoza, na ndiyo inayoamua iwapo wachezaji watainuka vitini au watabaki wameketi. Si ajabu, basi, kwamba wapigaji besi huyatafuta kwa udi na uvumba mambo yanayoweza kuinawirisha sauti ya ala yao. Mojawapo ya mambo hayo ni daraja, yaani kile kipande cha chuma kilichokazwa kwenye kiwiliwili cha gitaa, ambacho nyuzi hufungwa na kukalia. Wapo wanaoshikilia kwamba kuling'oa daraja jepesi na kutia zito huipa besi sauti mpya. Wapo pia wanaosema kwamba huko ni kutupa fedha.

Makala haya yanashikilia kwamba kundi la pili liko karibu zaidi na ukweli. Kubadilisha daraja zima kwa jingine zima hubadilisha sauti kwa kiasi kidogo mno, na tofauti ambayo watu huisikia aghalabu hutokana na mambo mengine yaliyobadilishwa siku hiyo hiyo. Suala hili si dogo kwa kijana aliyenunua gitaa kuukuu kwa akiba ya mavuno ya chai. Kwa kawaida bei ya daraja zito huizidi bei ya seti ya nyuzi mpya mara kadhaa, na anayekosea katika uamuzi huu hupoteza mapato ya tamasha nzima.

Ni vyema kwanza kueleza imani hii imetoka wapi, kwani haikuzuka hivi hivi tu. Wazee wa Murang'a waliijua wandindi, zeze la uzi mmoja linalopigwa kwa uta. Waluo, ambao ndio waanzilishi wa benga, wana nyatiti yenye nyuzi nane. Katika ala za namna hii, uzi wenyewe hautoi sauti ya kutosha kusikika mbali. Mtetemo wake hupitia kwenye daraja, ukaingia katika ngozi iliyowambwa, na ngozi ndiyo inayoisukuma hewa. Daraja hapo ni mlango wa pekee. Likisogezwa, likachongwa au likafanywa zito, sauti hubadilika papo hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa besi kubwa ya mti inayopigwa ikiwa imesimamishwa, na kwa fidla. Mpiga fidla akitaka kuifisha sauti yake, hubana kizibo kidogo juu ya daraja, na uzito huo mdogo tu hutosha kuinyamazisha ala kwa kiasi kikubwa.

Gitaa la besi la umeme ni ala ya nasaba nyingine. Leo Fender wa Marekani alipoitoa besi yake ya Precision mwaka wa 1951, hakutegemea ubao uisukume hewa. Chini ya nyuzi aliweka sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku hiyo, huzalisha umeme katika waya, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya na hatimaye kwenye spika. Kwa ufupi, sumaku humsikiliza uzi, haimsikilizi daraja. Anayeihamisha kanuni ya wandindi na kuitumia kwa besi ya umeme bila kuipima huwa amefananisha vitu viwili kwa kuwa vinaitwa kwa jina moja.

Hata hivyo, watetezi wa daraja zito wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema kwamba uzi hushikwa katika ncha mbili, na kwamba ncha ikitikisika hula nguvu ya uzi, hivyo sauti hufifia upesi. Daraja zito, kwa maoni yao, halitikisiki, na kwa hiyo sauti hudumu. Kanuni hii ni sahihi. Tatizo ni kiasi. Daraja la kawaida, hata lile jepesi la bati lililokunjwa, tayari ni zito mara nyingi kuliko uzi, na limekazwa kwa skrubu kwenye kiwiliwili kinene cha mti. Kuongeza uzito juu ya uzito huo ni kuziba ufa ambao karibu haupo. Ufa mkubwa uko kwenye ncha ya pili, yaani shingo. Miaka ya 1990 watafiti Helmut Fleischer na Tilmann Zwicker wa Munich, Ujerumani, walichunguza ni kwa nini noti fulani za magitaa ya umeme hufa haraka kuliko nyingine. Waligundua kwamba chanzo ni shingo, ambayo hutikisika pamoja na baadhi ya noti na kuzinyonya nguvu, ilhali upande wa daraja hutulia. Mpiga besi yeyote anaweza kulithibitisha hili kwenye uzi mwembamba kuliko yote, hasa kati ya kigawanyo cha tano na cha saba. Noti iliyofifia hapo haifufuliwi na daraja jipya.

Kwa nini basi watu wengi huapa kwamba wamesikia mabadiliko? Jibu ni kwamba hakuna anayebadilisha daraja peke yake. Ili kulitoa, sharti nyuzi zilegezwe, na wengi hutumia fursa hiyo kutia nyuzi mpya. Nyuzi mpya hung'ara kuliko zile zilizojaa jasho na uchafu wa miezi sita, na tofauti hiyo huwadhihirikia hata wasio wanamuziki. Pili, daraja jipya hubadilisha kimo cha nyuzi juu ya shingo na umbali wake kutoka kwenye sumaku. Uzi uliosogea karibu na sumaku hutoa sauti kubwa zaidi, na sikio la binadamu lina desturi ya kuiona sauti kubwa kuwa ndiyo nzuri. Tatu, baina ya kusikia sauti ya kale na kusikia ile mpya hupita saa nzima au zaidi, na kumbukumbu ya sauti haidumu hivyo. Zaidi ya yote, aliyekwisha kulipa hupenda kuona malipo yake yamezaa. Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Isitoshe, hata kama daraja zito lingeongeza udumifu wa sauti kama inavyodaiwa, ni muhimu kuuliza udumifu huo ni wa faida gani kwa benga. Noti za besi ya benga ni fupi, zenye kurukaruka, na kimya kilichomo baina yake ni sehemu ya mdundo. Mpigaji stadi huiua noti kwa kiganja au kwa kidole kabla haijaifunika inayofuata. Anayelipia sauti idumu, kisha akaizima kwa mkono wake, amenunua kitu asichokihitaji.

Haya yote hayana maana kwamba daraja ni pambo. Besi za mwanzo za Fender zilikuwa na vikalio viwili tu kwa nyuzi nne, kiasi kwamba ilikuwa vigumu kuurekebisha urefu wa kila uzi. Mwaka wa 1957 vikafanywa vinne. Faida iliyopatikana hapo ni usahihi wa kidatu, yaani kila noti kukaa mahali pake kuanzia mwanzo wa shingo hadi mwisho. Daraja lililoshikwa na kutu, lenye skrubu zilizolegea au vikalio vilivyolika, hukwaruza na kuvuruga kidatu, nalo linastahili kubadilishwa bila kusita. Anayelibadilisha akumbuke pia waya mwembamba unaopita chini yake. Usiporudishwa kugusa chuma, besi itavuma, na lawama itaelekezwa kwa daraja lisilo na hatia.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi yao katika mjadala huu. Sehemu ya mkanganyiko hutokana na uhaba wa istilahi, au tuseme uzembe wa kuzitumia zilizopo. Neno sauti hubebeshwa mzigo mzima. Mmoja akisema sauti imebadilika, huenda anamaanisha kidatu, mwingine ukubwa, wa tatu muda wa noti, na wa nne ile ladha inayoitofautisha ala moja na nyingine. Katika somo la fonetiki sifa hizi hutenganishwa tangu muhula wa kwanza. Zikitenganishwa pia katika ukumbi wa muziki, ubishi mwingi utakwisha wenyewe. Daraja lililo zima hurekebisha kidatu, huweza kugusa ukubwa kupitia kimo cha nyuzi, huathiri muda kwa kiasi kidogo mno, na ladha kwa kiasi ambacho wachache wangekitambua wakiwa wamefumba macho.

Mpiga besi wa Murang'a mwenye fedha kidogo ashauriwe hivi: aanze na nyuzi mpya, kisha fundi wa kumrekebishia shingo na kimo cha nyuzi, kisha mazoezi. Kama baada ya hayo bado analitamani daraja zito, arekodi besi yake kabla na baada, kwa nyuzi zile zile, kimo kile kile na amplifaya ile ile, halafu ampe mwenzake asikilize bila kuambiwa ipi ni ipi. Mwenzake akishindwa kuzitofautisha, daraja la zamani lirudi mahali pake, na lile jipya liuzwe kabla halijapoteza thamani.