Mwenyeji Naye ni Mgeni: Kisumu na Majira ya Ziwa

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jiji la Kisumu ukweli wa methali hii hudhihirika kila mara jamaa anapowasili kutoka Nairobi au Mombasa kwa siku mbili tatu. Hapo ndipo mwenyeji, ambaye kwa muda wa mwaka mzima hajalitazama ziwa ila kupitia dirisha la matatu, hukumbuka kwamba ana ziwa. Humpeleka mgeni wake Hippo Point, humwagizia samaki mzima na ugali, humpiga picha akiwa ameyapa maji kisogo, na njiani kurudi hujigamba kana kwamba ziwa hilo alilichimba yeye. Mgeni akishaondoka, ziwa hurejeshwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Lawama si za mwenyeji peke yake. Vijitabu vya utalii vimemfundisha kuwa kivutio ni kitu kilichosimama mahali pamoja, chenye lango, na langoni pana mtu wa kukata tiketi. Kwa kipimo hicho Kisumu haina mengi ya kujipigia kifua mbele ya Maasai Mara. Ipo hifadhi ya swala pala, iliyotengwa mwaka 1992, ambayo eneo lake halifiki hata nusu ya kilomita mraba. Mtu wa hatua ndefu aweza kuimaliza kabla chai yake haijapoa. Yapo makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980, pamoja na mfano wa boma la Kijaluo ndani yake. Upo mnara wa saa katika barabara ya Oginga Odinga, uliozinduliwa mwaka 1938 kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara Kassim Lakha. Kando ya barabara ya Bondo kuna Kit Mikayi, yaani jiwe la mke mkubwa, ambalo masimulizi yasema lilipewa jina hilo na mke aliyechoka kumwona mumewe akishinda kutwa penye mawe hayo. Na ipo ikweta yenyewe, inayopita Maseno. Pengine hiki ndicho kivutio cha pekee nchini ambacho hakionekani kwa macho, na bado watu husimama kupigwa picha nacho.

Vyote hivi ni vizuri, na hakuna anayevibeza. Hata hivyo, mtu akivimaliza vyote kwa siku mbili atakuwa ameiona Kisumu kama anayesoma yaliyomo ya kitabu kisha akakifunga. Kisumu haisomwi kwa ramani. Husomwa kwa kalenda. Vivutio vyake vikubwa huja na kuondoka, vingine kwa msimu, vingine kwa mwandamo wa mwezi, vingine kwa saa za siku. Havina lango wala tiketi. Tena, jambo ambalo vijitabu hulikwepa, takribani vyote ni kazi ya mtu fulani au taabu ya mtu fulani.

Chukua Hippo Point. Jina lamwahidi mgeni kiboko, lakini kiboko hana mkataba na mtu. Mchana hujizamisha, usiku hutoka kula majani, na mwenye mashua aliyeahidi kumwonyesha hulazimika kuonyesha povu na kuapa kwamba lilikuwa ni yeye. Kinachopatikana hapo kwa uhakika ni machweo. Saa za Kenya hupimwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Kisumu iko karibu na digrii 35, na digrii kumi ni sawa na dakika arobaini za jua. Ndiyo sababu mtu wa Lamu huwa amekwisha kuswali magharibi wakati jua la Kisumu lingali linaning'inia juu ya Ghuba ya Winam. Serikali humpa mkazi wa Kisumu saa moja na watu wote wa Jamhuri. Jua humwongezea bakshishi ya jioni. Yamkini ni wachache sana wanaoidai bakshishi hiyo. Wengi wakati huo wako katika msongamano wa Kondele, wakilaani.

Lakini tamasha kubwa la ziwa haliko jijini. Mtu akivuka hadi Mbita, Rusinga au Mfangano katika usiku usio na mbalamwezi, huona majini mji ambao mchana haukuwapo. Ni taa za wavuvi wa omena. Samaki huyu mdogo hufuata nuru, kwa hiyo wavuvi hutandaza taa juu ya maelea, husubiri, kisha huzungusha wavu. Zamani zilikuwa taa za karabai zilizovuma usiku kucha; siku hizi nyingi ni za betri na za nguvu za jua. Kwa aliyekaa ufuoni, ni mji wa taa unaojengwa magharibi na kubomolewa alfajiri. Mwezi mpevu ukitokea, mji huo hutoweka, kwa kuwa taa haina maana pale ziwa zima linapong'aa. Huu ni utalii unaomtaka mtalii ajue hesabu za mwezi, elimu ambayo bibi zetu walikuwa nayo bila cheti.

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai taa hizo huzimwa kwa amri, ili omena wazaane. Kijitabu cha utalii, kama kingekuwa cha kweli, kingeandika tu kwamba msimu wa taa umefungwa. Lakini miezi hiyo minne ina maana nyingine kwa mwanamke anayeanika omena juu ya nyavu kuukuu ufuoni, ambaye ada ya shule ya mwanawe hutoka humo. Mwenye kutazama hukosa mandhari. Mwenye kuanika hukosa unga. Lugha inayosema "mandhari ya kuvutia" na kuishia hapo imesema nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito.

Ndivyo ilivyo kwa gugu maji pia. Mmea huu ulionekana katika upande wa Kenya wa ziwa mnamo miaka ya 1990, ukatamalaki, ukapunguzwa na wadudu walioletwa kuula, kisha ukarudi, na mpaka leo haujaaga. Hauna adabu ya kukaa mahali. Upepo ukivuma usiku, asubuhi ghuba yote mbele ya jiji huwa kama uwanja wa mpira uliomwagiliwa. Upepo ukigeuka, maji hufunuka tena kama kwamba hakuna lililotokea. Unapochanua, maua yake ya zambarau hupendeza kiasi kwamba mgeni asiyejua huuliza ni nani aliyeyapanda. Mvuvi aliyenaswa katikati yake na mtumbwi, akishindwa kwenda mbele wala nyuma, hana nafasi ya kuyanusa maua hayo. Watu wa Kisumu nao, kwa werevu wa kutia ndimu palipooza, wamejifunza kulikausha gugu na kulisuka viti na vikapu, kisha kumuuzia mgeni yule yule aliyeliita ua.

Usubi wa ziwani nao una msimu wake, aghalabu mwezi unapoandama. Huinuka majini kwa mamilioni kama moshi, na asiyewajua hudhani ziwa linaungua. Ushauri pekee kwa mtalii ni kufunga mdomo.

Kuna misimu ambayo ziwa lenyewe ndilo hugeuka mtalii. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, mvua ya masika ilikuwa kubwa mno na maji yakapanda hadi kiwango ambacho hakijapata kupimwa kabla. Ufuo wa Dunga ulimezwa. Mahali watu walipokuwa wakiketi kula samaki, samaki wakaja kuketi. Mzaha huo ulisemwa sana jijini, na ulisemwa na watu waliokuwa wamevua viatu ili wavuke kwenda kazini. Katika nyanda za Kano haukusemwa, kwa kuwa huko familia zilihama zikiwa na magodoro kichwani.

Majira mengine huletwa na serikali. Wageni wakuu wanapokaribia, kingo za barabara hupakwa rangi, mashimo huzibwa, na miti iliyokuwa imelala huamshwa kwa maji. Ilikuwa hivyo Juni 1, 2021, sikukuu ya Madaraka ilipoadhimishwa katika uwanja mpya wa Mamboleo, na tena Mei 2022, mkutano wa miji ya Afrika ulipofanyika hapa. Desemba 2021 garimoshi la abiria lilirejea baada ya kukosekana kwa takribani mwongo mzima, na watu wakasongamana kituoni kulishangilia kana kwamba reli haikufika hapa tangu mwaka 1901. Ni haki kusema kwamba jiji lilinufaika. Ni haki vilevile kukumbuka kwamba mabanda ya samaki ya Lwang'ni, ambako makondakta na mawakili walikula kwenye benchi moja, yalibomolewa katika kipindi hicho cha kulipamba jiji. Jina lenyewe maana yake ni nzi, na hakuna aliyeona haya kulitaja. Jiji lililomtayarishia mgeni sebule lilimwondoa mwenyeji jikoni.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, na linawahusu wasomi wa Kiswahili kuliko wanavyopenda kukiri. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezaliwa Nyalenda aweza kueleza bamvua na maji mafu, aweza kutofautisha kusi na kaskazi, kwa kuwa ushairi wa pwani umemlea humo. Mwulize aeleze kwa Kiswahili upepo wa nchi kavu unaoisukuma mitumbwi nje usiku, na ule wa ziwani unaoirudisha alasiri, naye atakohoa. Ameisoma bahari ambayo pengine hajaiona, na hana maneno ya maji anayoyaona kila siku.

Si kwamba maneno hayapo. Ziwa ni moja lakini lina misamiati miwili. Mwanza husema sangara, sato, dagaa na furu. Kisumu husema mbuta, ngege, omena na fulu. Samaki ni wale wale na wala hawana pasipoti. Upande wa Tanzania majina hayo yamekwisha kuketi ndani ya Kiswahili bila kuulizwa asili yao. Upande wa Kenya mbuta na ngege bado hutiwa alama za mtajo katika insha, kama wageni walioachwa mlangoni.

Fasihi nayo imefuata mkondo huo. Kisiwa kimoja cha Ukerewe kimetoa Aniceti Kitereza, ambaye riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliiandika kwanza kwa Kikerewe na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na kikamtoa Euphrase Kezilahabi, aliyeliingiza ziwa hilo katika riwaya ya Kiswahili kwa Rosa Mistika mwaka 1971. Ufuo wa Kenya ulimpata Grace Ogot, lakini yeye aliandika kwa Kiingereza na kwa Kidholuo. Riwaya ya Kiswahili ya upande huu ambayo ndani yake ziwa lavuma, lafurika na kutoa usubi, ni vigumu kuitaja.

Atatokea msomaji wa kusema kwamba ziwa hilo ni la Kidholuo, ambacho hulijua kwa jina la Nam Lolwe, na kwamba Kiswahili hakina budi kubaki pwani kilikozaliwa. Hoja hii ina sura ya heshima lakini haina miguu. Mitaa ya Kisumu yenyewe huitwa Kaloleni, Shauri Moyo, Milimani na Mamboleo. Kiswahili kilipata makazi hapa zamani na hulipa kodi. Isitoshe, lugha iliyochukua maneno kutoka Uarabuni, Uajemi, Uhindi na Ureno bila kuona soni haiwezi ghafla kuwa na haya mbele ya omena. Kidholuo hakipungukiwi kitu kwa kuazimwa. Kinachopungukiwa ni Kiswahili kinachokataa kuazima.

Ziara za vyama vya wanafunzi wa Kiswahili aghalabu huelekea pwani. Basi hujaa nyimbo, Ngome ya Yesu hupigwa picha, na watu hurudi wakisema wameiona asili ya lugha. Ziara hizo ziendelee. Lakini nauli ya matatu na feri ya kuvuka ghuba hadi Mbita ni sehemu ndogo tu ya ile ya Mombasa, na msimu wa omena hufunguliwa Agosti, wakati vyuo vingi viko likizoni na wanafunzi wako makwao. Kinachohitajika ni daftari, koti la baridi, na subira ya kungoja usiku usio na mwezi. Wapo ufuoni wazee wawezao kutaja kila sehemu ya mtumbwi, kila aina ya wavu, na kila upepo kwa jina lake, na huongea na wanunuzi kutoka kila pembe ya nchi kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekirekodi. Baadhi yao wamekwisha kuacha kuvua, na wana wao wanaendesha bodaboda jijini.