Miguu Ikifa Ganzi kwa Mgonjwa wa Lupasi

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 28 ambaye amekwisha kuambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa lupasi. Jumatatu anaamka miguu mizito. Jumanne ganzi imepanda hadi kitovuni na mkojo umekataa kutoka. Jirani asema ni uchovu. Shangazi asema kuna mkono wa mtu. Siku zinapita bure.

Lupasi haiambukizi. Ni hali ambayo kinga ya mwili, iliyo askari wetu dhidi ya vijidudu, humgeukia mwenye nyumba na kuishambulia ngozi, viungo, figo na damu yake. Katika kila wagonjwa 10, kiasi cha 9 ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Mara chache, yapata mgonjwa mmoja au wawili katika 100, mashambulizi hayo huufikia ugwe mgongo, yaani njia kuu ya fahamu ipitayo ndani ya mifupa ya uti wa mgongo na kupeleka amri za ubongo miguuni na kwenye kibofu.

Dalili huweza kujitokeza kwa saa au siku chache tu: miguu kulegea, ganzi, mkojo au choo kuziba au kutoka bila hiari, pengine na homa na maumivu ya mgongo. Huo si wakati wa kuchua kwa mafuta. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe mapema kwamba ana lupasi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, kichocho na uvimbe navyo huweza kupoozesha miguu, lakini tiba zake si moja. Ndiyo sababu hufanywa kipimo cha MRI na kupimwa maji ya uti wa mgongo.

Inapothibitika kuwa ni lupasi, hutolewa dawa za steroidi kwa kiwango kikubwa kupitia mshipani, mara nyingi pamoja na dawa nyingine za kutuliza kinga. Wako wanaotembea tena. Wako wanaobaki na ulemavu. Kuchelewa hupunguza matumaini.

Nawe mgonjwa, usiache vidonge vyako ghafla kwa kuwa umepata nafuu. Nasi jamaa tusingoje kesho: usipoziba ufa, utajenga ukuta.