Nipe Mpinzani Mwenye Sura

Kaka yangu mdogo hunicheka. Anasema nina miaka 29 na bado nakesha nikirusha vishale vya uongo kwenye ubao wa uongo, nikishindana na jamaa wa katuni anayeitwa Jammy Jim. "Na ukimpiga, bro, unapata nini?" Namwambia sipati kitu. Anacheka tena, anageuza simu yake, anarudi kwa ndege.

Ndege mnaijua. Unaweka 50, ndege inapaa, namba inapanda: mara 1.2, mara 2, mara 3. Kazi yako ni kutoa pesa kabla haijapotea. Ikipotea na doo zako zikiwa ndani, zimeenda. Sekunde chache, raundi nyingine.

Mimi sio malaika. Miaka miwili iliyopita niliilisha ndege hiyo 9,500 za keja kwa usiku mmoja, nikiwa kazini, kwa saiba ninapofanya zamu ya usiku. Asubuhi nikamwambia mama mwenye ploti ati mshahara umechelewa. Aliniangalia tu, akasema, "Sawa, mwanangu." Hiyo "sawa" yake iliniuma kuliko angenitukana.

Kwa hivyo simhukumu kaka yangu. Nina ugomvi na kitu kingine: hii imani kwamba michezo yote ya skrini ni kitu kimoja. Wazazi wanaiamini, ndiyo maana wakikuta kijana na simu wanauliza unacheza nini kwa sauti ileile, uwe unapanga karata au unachoma karo. Wahubiri wanaiamini. Na kaka yangu pia anaiamini, kwa sababu hesabu yake ni kwamba kama yote ni kupoteza wakati, afadhali apoteze pale kuna chansi ya kuokota kitu. Wote wanakosea, na vishale vinaweza kuonyesha kwa nini.

Mchezo wenyewe unaitwa 180. Ulitoka Uingereza mwaka 1986, chini ya Mastertronic, kampuni iliyojulikana kwa kuuza michezo ya kaseti kwa bei ya chini. Mimi nacheza toleo la ZX Spectrum, kompyuta iliyokuwa na kilobaiti 48 za kumbukumbu. Ile picha ya maua ambayo shangazi yako anakutumia WhatsApp kila asubuhi inaweza kuwa nzito kuliko kumbukumbu nzima ya mashine hiyo. Mzee mwenye saiba ndiye aliyeniwekea, kwa programu inayofanya kompyuta ya leo ijifanye ya zamani. Aliniambia, "Ukicheza hii hautaniibia bando."

Sheria ni zile za vishale vya baa yoyote. Kila mmoja anaanza na 501. Unarusha vishale 3 kwa zamu, ulichopata kinakatwa. Wa kwanza kufika 0 kamili ameshinda, lakini kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, yaani ule utepe mwembamba wa nje unaohesabu namba mara mbili, au katikati kabisa ya ubao, penye 50. Utepe wa ndani, trebo, unahesabu mara tatu. Trebo 20 ni 60, tatu za hizo ni 180, na ndipo jina lilipotoka. Ukizidisha unachodaiwa, au ukibaki na 1, zamu hiyo inafutwa na unarudishwa ulipoanzia. Shikilia hiyo sheria, tutairudia.

Wapinzani wametengenezwa kwa utani. Kuna Belly Bill, Bill wa kitambi. Kuna Sure Shot Sid, Sid asiyekosa. Fainali unakutana na Jammy Jim, na "jammy" kwa Kiingereza cha mtaani kule Uingereza ni mtu wa bahati, yule msee anayeokota noti mahali wewe umepita mara tatu. Mwisho wa safari, basi, anakungoja mtu ambaye jina lake ni bahati. Na namna ya kumpiga ni kuacha kabisa kuitegemea bahati.

Anza na mkono. Kwenye skrini kuna mkono umeshika kishale mbele ya ubao, na mkono huo hautulii. Unausukuma upande mmoja, unaendelea kuelea. Wageni wote hufanya kosa moja: wanapigana nao, wanabonyeza huku na kule kwa hasira, halafu wanarusha kwa sababu wamechoka. Usipigane nao. Uache upite, ujue unaelekea wapi, kisha rusha kabla haujafika pale unapotaka. Ukichelewa nukta moja, kishale kimeenda kwa jirani.

Halafu, bana, acha kulenga 20. Hii ndiyo sehemu wasee hubishana nami sana. Kila mtu ameona mabingwa kwa televisheni wakipiga trebo 20, kwa hivyo kila mtu analenga trebo 20. Lakini aliyepanga ubao hakuwa mjinga. Majirani wa 20 ni 1 na 5. Ukirusha vishale vitatu na mkono wako ukatapakaa, kimoja kwa 20, kimoja kwa 1, kimoja kwa 5, una 26. Sasa nenda kushoto, kwa 14. Majirani zake ni 11 na 9. Mkono uleule uliotapakaa unakupa 34. Hujaboresha chochote ila pa kulenga.

Sijalitunga hili. Mwaka 2011 wanatakwimu watatu, Ryan Tibshirani, Andrew Price na Jonathan Taylor, walichapisha utafiti wa swali hilohilo: ulenge wapi, kulingana na mkono ulio nao? Jibu lao ni kwamba mwenye shabaha kali alenge trebo 20. Shabaha ikipungua, trebo 19 inakuwa bora. Ikizidi kupungua, mahali pa kulenga panahamia upande wa kushoto wa ubao na kusogea kuelekea katikati. Kwa lugha ya mtaa: jua mkono wako kwanza, mambo ya mabingwa waachie mabingwa.

Mnaona ninakoelekea. Ndege inaishi kwa kukuonyesha trebo 20 za watu wengine. Pembeni mwa skrini kuna orodha inayopita: huyu ametoa mara 14, yule mara 60. Hakuna anayekuonyesha 26. Ukiitazama orodha hiyo usiku mzima unaanza kuamini kwamba tatizo lako ni woga, kwamba wenzako wana roho na wewe huna. Ubao wa vishale hauwezi kukudanganya hivyo, kwa sababu kila kishale chako kiko pale, kimesimama, na unaona kwa macho kimekosa kwa umbali gani.

Twende kwa kumaliza, maana hapo ndipo mechi nyingi hufia. Kubwa zaidi unayoweza kumaliza kwa vishale vitatu ni 170: trebo 20 mbili na katikati. Lakini wewe na mimi si watu wa 170. Sisi tunatafuta 32. Kwa nini 32? Kwa sababu inaisha kwa dabo 16, na ukikosa kidogo kwa ndani, ukagonga 16 ya kawaida, unabaki na 16, ambayo ni dabo 8. Ukikosa tena vilevile unabaki na 8, dabo 4. Kisha dabo 2, kisha dabo 1. Kila kosa linakuachia mlango mwingine. Linganisha na 38: dabo 19, ukikosa kwa ndani unabaki na 19, namba isiyogawika kwa mbili, na sasa unahitaji kishale kingine cha kurekebisha tu. Kwa hivyo ukiwa na 48, usitafute maajabu. Piga 16 ya kawaida, ubaki na 32, pumua.

Na wapinzani je, hawa wenye vituko? Siri yao ni kwamba hawawezi kukugusa. Vishale si ndondi wala draft. Bill hawezi kuzuia kishale chako, Sid hawezi kula namba zako. Kila mmoja ana 501 yake. Mchezo ukikuwekea mtu wa ajabu mbele yako, kitu pekee anachoweza kubadilisha ni moyo wako. Akipiga zamu nzuri unaanza kuharakisha. Akikosa kijinga unalegea. Kwa hivyo namba ya kutazama ni yako. Ya kwake itazame mara moja tu kwa zamu, ujue kama amekaribia. Kama bado ana 300, huna haraka, jenga pole pole. Kama ana 40 na wewe una 90, hapo ndipo jaribu lile gumu, kwa sababu huenda usipate zamu nyingine. Hatari inachukuliwa ukiwa na sababu unayoweza kuisema kwa sauti.

Desemba 2025, David Munyua, Mkenya wa kwanza kucheza mashindano ya dunia ya PDC pale Alexandra Palace, London, alikutana na Mike De Decker wa Ubelgiji. Akapoteza seti 2 za kwanza. Akarudi, akashinda 3 kwa 2. Tulishangilia kama bahati, na hapo ndipo nilipokasirika, maana kutoka mstari wa kurushia hadi ubao ni mita 2.37, na katikati ya ubao iko mita 1.73 kutoka sakafuni, iwe London au baa ya Thika. Jina la mpinzani halisogezi ubao. Mtu aliyefungwa 2 kwa 0 akaendelea kuhesabu hajaokota noti barabarani.

Sasa nijibu swali la kaka yangu. Napata nini? Sipati hata ndururu, na sitajifanya. Nimepoteza usingizi kwa Jammy Jim, na kuna asubuhi nimeandikia mteja fomu vibaya kwa sababu macho yalikuwa mekundu. Huo ni wakati, na wakati haurudi. Lakini hesabu iko wazi. Nikizidisha, mchezo unanirudisha nilipoanza zamu. Hiyo ndiyo sheria niliyosema mshikilie. Ndege haijawahi kumrudisha mtu alipoanzia. Ile 9,500 yangu haikurudi, na michezo ya aina hiyo hupangwa hivyo: jumla inayorudi kwa wachezaji iwe chini ya jumla waliyoweka. Tofauti hiyo ndiyo mshahara wa mwenye ndege. Anacheza dhidi yako kila raundi, na hana sura, hana jina la utani, hana kitambi. Unadhani unashindana na ndege. Ndege ni pazia.

Ndiyo maana nasema nipe mpinzani mwenye sura. Nipe mtu ninayemwona akikosa, ambaye alama zake ziko ukutani kando ya zangu, ambaye akinishinda naweza kuhesabu nilishindwa kishale kipi. Tusidanganywe na marufuku za muda pia. Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Siku 30 zikaisha. Kaka yangu hakuwahi kuhitaji tangazo, ndege ilikuwa tayari mfukoni. Kitakachomtoa pale, kama kipo, ni kuzoea ladha ya mchezo usiomficha chochote, hadi ule mwingine umchefue.

Jumamosi alikuja saiba, simu imezima, umeme kwao hakuna. Nikampa kibodi. Raundi ya kwanza alilenga 20 kama wote, akapata 26, akapata 7, akatukana. Nikamsogeza kushoto. Kufikia saa saba usiku alikuwa fainali, amebaki na 32, Jim na 40. Akarusha kishale cha kwanza, 16. Cha pili, 8 ya kawaida. Cha tatu kikatoka nje ya ubao. Jim akapiga dabo 20.

Kaka yangu alikaa kimya akiangalia skrini. Halafu akasema, "Hicho cha tatu niliharakisha." Sijawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu ndege. Kwa ndege huwa anasema tu, "Imeniruka."

Tukacheza tena mpaka saa kumi. Jumatatu nikampigia, nikasikia ndege kwa nyuma, ule mlio wa raundi kuanza. Nikamwambia 32 yake bado inamngoja. Akasema atapita Ijumaa, nisiguse alama zake.