Ndege wa mti na kiti cha bibi

Juma hili tuzungumzie vitu vya mti vilivyochongwa zamani, ambavyo katika nyumba zetu vingi vimelala nyuma ya mlango.

Kule Marekani, wawindaji wa pwani walichonga ndege wa mti, wakawapaka rangi na kuwasimamisha juu ya vijiti mchangani. Ndege wa kweli walidhani ni wenzao, wakashuka, wakapigwa. Mwaka 1918 ilitoka sheria ya kulinda ndege wanaohama, na polepole ndege wa mti wakakosa kazi. Wengine waligeuka kuni. Leo wanatafutwa sana: mwaka 2007 bata mmoja aliyechongwa na Elmer Crowell aliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja.

Kwetu pia yapo. Wabembe wa Fizi wana kinyago cha alunga. Walega wa Mwenga na Shabunda wana sanamu ndogo za bwami, nyingine za wanyama. Wakoloni walipiga bwami marufuku mwaka 1948, na vitu vyake vingi vikaenda Ulaya. Daniel Biebuyck, aliyeishi kati ya Walega miaka ya 1950, aliandika kwamba sanamu hizo zilifundishwa pamoja na methali. Methali ikipotea, sanamu inakuwa bubu. Sisi walimu tunaelewa: ni kama picha ukutani bila somo.

Hapa Uvira, mafuriko ya Aprili 2020 yalibeba nyumba pamoja na vyote vilivyokuwamo. Kilichobaki kinatafutwa na wanunuzi wanaopita mlangoni wakati mama ana deni la shule. Hatumlaumu anayeuza, mtoto kwanza. Lakini bei ya haraka ni ndogo, na pamoja na mti inaondoka habari ya ukoo.

Basi, kabla ya kuuza tufanye haya:

1. Tumuulize mzee wa nyumba: nani alichonga, kwa mti gani, kwa kazi gani, kulikuwa na methali gani? Mtoto anayejua kusoma aandike katika daftari.

2. Tupige picha kwa simu, mbele na nyuma.

3. Tusioshe kwa sabuni, tusipake rangi mpya wala vanishi. Weusi wa mikono ya bibi ndio ushahidi wa umri wake. Kitambaa kikavu kinatosha.

4. Tuweke juu ya meza, mbali na mchwa, maji na jua. Tukiona unga mwembamba chini yake, wadudu wako ndani: tukitenge na vingine.

5. Uamuzi uwe wa ukoo mzima, si wa mtu mmoja. Tena sheria ya nchi ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda vitu vya utamaduni. Kuvitoa nje kunahitaji ruhusa.

Katika kikao kijacho, kila mama alete habari ya kitu kimoja cha kwao. Kitu chenyewe kibaki nyumbani.